Kumfundisha Mama Mkwe Kukereza Mbao

Jumamosi, tarehe ishirini na mbili, mwezi wa pili. Joto la kunata tangu alfajiri. Mawingu yalijaa juu ya Umbilo, hapa Durban, kutwa nzima yakikataa kunyesha, na maranda ya mbao yalinigandia mikononi kama manyoya kwa mtu aliyemaliza kunyonyoa kuku.

Naandika nikiwa nimechoka, na sina hakika kama nitaandika kwa haki. Shule niliiacha mapema, na nikikasirika maneno yananikimbia. Lakini najijua: nisipoandika leo, kesho nitakuwa nimeshaanza kujipa haki mwenyewe. Basi niseme yote, ya kwangu na ya kwake.

Yeye ni mama mkwe wangu, mjane kutoka Uvira, Kongo. Alikuja kwetu mwaka jana baada ya kumzika baba mkwe, na tangu afike alikuwa anakaa kwenye kiti cha dirishani, anatazama robot, ile taa ya magari ya Umbilo Road, ikibadilika rangi. Nyekundu, kijani. Nyekundu, kijani. Chakula anakigusa, anakisukuma. Kanisani anaenda kwa sababu binti yake anamvalisha na kumtoa mlangoni. Mke wangu alikuwa ananiuliza kila mara kama mtu anaweza kufa kwa kukaa tu. Nilijibu hapana, lakini sikujua.

Mimi natengeneza masofa, na Jumamosi asubuhi naenda kwenye chama cha kukereza mbao. Nilifika kule kwa ajili ya mguu wa kiti. Mzee mmoja Mzungu, mstaafu wa reli, aliniletea kiti chake kimevunjika mguu mmoja wa duara, nami sikuweza kuutengeneza mwingine ufanane. Akanicheka, akasema njoo Jumamosi nikuonyeshe. Siku hizi yeye ndiye mwenyekiti. Tunakutana kwenye gereji kubwa nyuma ya ukumbi. Mashine inashika kipande cha ubao na kukizungusha kwa kasi, na wewe unasogeza patasi kidogo kidogo mpaka ubao uwe kitu. Wengi pale ni wazee. Wanatoa mabakuli membamba mpaka mwanga unapita, wala hakuna anayeyatumia kulia chakula. Mwisho wa asubuhi kila mtu anaweka kazi yake mezani na wenzake wanaitolea kasoro. Wanakusifu kwanza, halafu wanakuchinja.

Siku moja nilileta nyumbani bakuli la jakaranda ambalo hata pale mezani halikupata kasoro kubwa. Mama mkwe akaondoka dirishani. Akaondoka mwenyewe, bila kuitwa! Akalishika, akaligonga kwa ukucha, akamwambia binti yake:

“Muulize bwana yako, hii ni ya kuweka nini?”

Nilikuwa nimesimama pale pale. Nikamwambia mke wangu, “Mwambie mama ni pambo.”

“Pambo.” Akalirudisha mezani kama kitu kilichooza. “Muulize, ile mashine inaweza kutoa muchi wa kuponda sombe?” Kwetu mchi ni muchi, na sombe ni majani ya muhogo.

Hapa lazima nieleze, maana pale chamani nimeeleza mara nyingi na sijui kama nimewahi kueleweka. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawagusani. Hatupeani mkono, hatutazamani machoni, hatuli meza moja, na neno likiwapo linapitia kwa mtu wa tatu. Ni heshima, si chuki. Katika flat yetu ndogo heshima hiyo ni kazi ngumu: mimi chakula changu nakula jikoni, nimesimama karibu na sinki. Lakini nilimpa mke wangu jibu, mke wangu akampa mama yake, na Jumamosi iliyofuata nilishuka Umbilo Road mimi nikiwa mbele na mama mkwe nyuma, kama watu wasiojuana wanaoelekea njia moja.

Pale chamani kila mgeni anapewa mtu wa kumwongoza. Muda wa kujifunza ukiisha, huyo mwongozaji anasimama mbele ya wote na kusema kama mgeni wake yuko tayari kushika mashine peke yake. Akisema hayuko tayari, mgeni anaachia nafasi yake, maana watu wa kungojea ni wengi na mashine ni chache. Mwenyekiti alituangalia sisi wawili, akaniambia, “Wewe unasema lugha yake. Utamwongoza wewe.”

Nikamwambia siwezi. Nikamweleza bukwe, ile heshima ya wakwe, habari ya mkono, habari ya macho, yote. Kiingereza changu hakikunitupa siku ile, nakumbuka vizuri. Wakasikiliza wote, halafu wakasema “Shame!” kwa ile sauti ya hapa Durban ya kumwonea mtoto mchanga huruma, wakacheka kwa upendo, na mwenyekiti akaenda kuwasha birika.

Basi nikawa mwongozaji.

Nani anaweza kufundisha kukereza akiwa amesimama mbali, kando, anatazama dari? Kitu cha kwanza katika kazi hii ni mgongo wa patasi. Unagusisha mgongo wake kwenye ubao kwanza, halafu unainua mpini polepole mpaka makali yaanze kula. Ukitanguliza makali, ubao unaikamata patasi, unaitupa, na roho yako inaruka nayo. Jambo hili halifundishwi kwa maneno. Mimi mwenyewe nilifundishwa na yule mzee wa reli akiwa nyuma yangu, mikono yake juu ya mikono yangu, pumzi yake ya chai sikioni mwangu. Mama mkwe nilimwambia tu, huku nikitazama ukuta: “Mgongo kwanza, mama. Makali baadaye.”

Naye hakunijibu mimi. Binti yake hakuwepo, kwa hiyo alitafuta mtu wa tatu, na akampata. Aliiambia mashine.

“Mashine, umwambie mukwe wangu, miye naona muzuri.”

Tap! Patasi ikakamatwa.

“Mwambie mama anainua mpini haraka,” nikasema. Kwa nani? Kwa mashine! Mtu mzima, nina watoto, naongea na chuma.

“Mashine, umwambie hii patasi haiko na makali.”

“Nimeinoa asubuhi.”

“Basi aliinoa vibaya.”

Siku nyingine mtu wa tatu alikuwa anti mmoja wa mtaa wa Overport, Mhindi, mama mtu mzima anayekereza kwenye mashine ya jirani. Hajui neno moja la Kiswahili. Mama mkwe alimgeukia: “Anti, umwambie huyu aache kunipigia kelele.” Anti akaitikia kwa kichwa, “Yes, yes, darling,” akaendelea na bakuli lake. Mama mkwe akanipa kisogo, ameridhika kwamba ujumbe umefika.

Tena alikataa mazoezi. Mgeni anapewa kijiti na kuambiwa akate vijiduara mfululizo, kama shanga kwenye uzi, mpaka mkono uzoee. Akauliza, “Nani atakula shanga?” Kila kijiti alichopewa alikigeuza kuwa muchi. Muchi mdogo, muchi mwembamba, muchi uliopinda kiuno. Mezani wenzetu waliweka mabakuli yao membamba kama kioo, na mama mkwe akapanga michi yake kama familia iliyojipanga kupigwa picha. Mzee mmoja aliuliza kwa adabu, “Gogo ana mpango wa kufungua mgahawa?” Mama mkwe akasikia gogo, akataka kujua kwa nini mtu mzima anaitwa kipande cha mti. Nikamweleza, kwa njia ya mashine, kwamba kwa Kizulu ni bibi. Akasema hata hivyo, yeye si mti.

Lakini niwe wa haki. Jicho lake ni zuri kuliko langu. Umbo la muchi analiona kabla ubao haujazunguka, na pale ambapo patasi haikamatwi, ubao wake unatoka laini bila msasa. Jumamosi anaamka kabla yetu. Jioni yake anakula. Siku moja alirudi akimsimulia binti yake jinsi kipande kilivyoruka kikampiga mwenyekiti kwenye kofia, akacheka mpaka akashika meza. Mke wangu alikimbilia chooni kulia. Kile kiti cha dirishani siku hizi tunawekea nguo za kupiga pasi.

Kwa hiyo jana, tulipokuwa tunajua kwamba leo ndiyo siku ya kusema kama yuko tayari, mke wangu aliniambia neno moja tu: “Umpitishe mama.”

“Na akijikata?”

“Asipopita atarudi dirishani. Pale je, hajikati?”

Nikaenda kunoa patasi zangu.

Imebaki habari ya kitenge. Sheria ya gereji ni kwamba nguo inayoning'inia hairuhusiwi, maana mashine haichagui, inazungusha kila kinachoigusa. Kanisa la mama mkwe nalo linasema mwanamke havai suruali. Mimi nikiwa katikati, nilitafuta njia: koti refu la kazi, lenye vifungo mpaka chini, juu ya kitenge. Mwenyekiti akakubali, mama mkwe akakubali, nami nikajisifu kidogo.

Leo joto lilikuwa la kupika. Nilikuwa nimesimama mahali pangu pa siku zote, mbali, natazama kalenda ya ukutani. Mama mkwe alikuwa anamalizia muchi wa mti wa avoka, yaani parachichi, ule wa kuonyesha mezani. Sikuona alipofungua vifungo vya koti. Nasema sikuona, na hilo ndilo tatizo lenyewe: ningemwonaje mtu ambaye sitakiwi kumtazama?

Nilisikia sauti ya mashine ikibadilika, kama mtu anayemeza. Nikageuka. Pembe ya kitenge, pale anapoichomeka kiunoni, ilikuwa imeshikwa na muchi unaozunguka, na kitenge kilikuwa kinamwacha kwa haraka, kinajiviringa chote kwenye ule muchi, na yeye anavutwa nacho.

Sikufikiri. Nilimshika mama mkwe wangu mabegani kwa mikono yangu miwili, nikamvuta nyuma, nikapiga kitufe chekundu cha kuzimia mashine kwa goti.

Mashine ikasimama. Muchi ulikuwa umevaa kitenge chote, vizuri kabisa, kama mtoto aliyefungwa mgongoni. Mama mkwe alikuwa mzima, bila hata mkwaruzo, koti wazi, na jupo yake, sketi nyeupe ya ndani, mbele ya chama kizima. Mimi nikafunga macho, lakini mikono ilikuwa bado mabegani pake. Niliisahau pale. Anti wa Overport ndiye aliyenitoa kidole kimoja kimoja, akamfunga mama mkwe vifungo vya koti mpaka shingoni.

Sauti ya kwanza iliyosikika ilikuwa ya mama mkwe.

“Mashine! Umwambie mukwe wangu: ingekuwa suruali, miye ningekuwa nimekufa!”

Nikafungua macho. “Nini?”

“Kitenge kinajua kuachia. Suruali ingenivuta na miguu yote. Halafu banasema kitenge ni hatari!”

Na kinachoniudhi, kinachoniudhi mpaka sasa nikiandika, ni kwamba nimefikiri jambo hilo njia nzima ya kurudi nyumbani na siwezi kusema hana ukweli hata kidogo. Kitenge kilichozungushwa tu kinafunguka. Lakini suruali isingeshikwa tangu mwanzo! Nilimwambia hivyo. Nilimwambia moja kwa moja, uso kwa uso, bila mashine. Nadhani gereji nzima ilinisikia hata bila kujua lugha.

Wakati wa meza ulipofika, mwenyekiti aliniita mbele. Mtu mwingine angeahirisha, lakini yule ni mtu wa reli, treni inaondoka saa yake. “Gogo yuko tayari, au hayuko tayari?”

Nilimtafuta mama mkwe kwa pembe ya jicho. Alikuwa amekaa karibu na anti, amekumbatia muchi wake uliotolewa kitenge, na uso wake ulikuwa ule wa dirishani. Nikamkumbuka mke wangu. Nikakumbuka pia ile sauti ya mashine ikimeza.

“Hayuko tayari,” nikasema.

Alielewa bila mkalimani. Aliuweka muchi sakafuni, polepole.

“Lakini msimtoe,” nikasema. “Hajashindwa. Hajafundishwa. Mimi sijawahi kusimama karibu naye hata siku moja.”

“Hata siku moja?” aliuliza mzee mmoja wa yale mabakuli kama kioo. “Sasa ulikuwa unasimama wapi?”

Nikawaonyesha. Pale, karibu na kalenda. Wakaangalia ile nafasi, wakaangalia mashine, na kicheko kikaanza kwa mmoja kikaenda kwa wote.

“Lakini kwa nini hukusema?” akauliza mwenyekiti.

Eish! Hapo nilitaka kubeba patasi zangu niondoke. “Nilisema! Siku ya kwanza! Mkasema shame, mkaenda kunywa chai!”

Mwenyekiti akawa mwekundu mpaka masikioni. Na mimi nikaanza kujiuliza pale pale, kama kawaida yangu, kama nilisema vizuri siku ile, kama nilipaswa kusema tena siku ya pili, kama mtu anayenyamaza baada ya kuchekwa mara moja ana haki ya kulalamika. Sijui. Nadhani lawama tugawane, na kipande changu si kidogo.

Anti wa Overport hakungoja tumalize. Alimwinua mama mkwe kwa kiwiko, akaokota muchi, akaurudisha kwenye mashine. Akasimama nyuma yake, akaweka mikono yake yenye bangili juu ya mikono ya mama mkwe. Bangili! Nikataka kupiga kelele, lakini alikuwa ameshazisukuma ndani ya mikono ya koti lake, ana akili yule. Wakagusisha mgongo wa patasi. Wakainua mpini pamoja, polepole. Maranda yakaanza kutoka marefu, membamba, yanajikunja kama maganda ya chungwa, bila tap hata moja. Hakuna aliyesema neno, kwa Kiswahili wala Kiingereza.

Nilihangaika kwa miezi kulitafuta jambo hilo kwa mdomo! Nilifurahi, ndiyo. Niliudhika zaidi.

Mwenyekiti akasema nafasi yake inabaki, ataanza upya, na mwongozaji wake ni anti. Kuhusu kitenge, anti alionyesha kwa mikono vazi la kushonwa, lililobana, refu mpaka miguuni, na mama mkwe akakubali kwa kichwa kwamba hilo Mungu hana shida nalo. Limekuwa rahisi hivyo.

Nilipokuwa nafagia maranda, nikasikia nyuma yangu:

“Mashine. Umwambie mukwe wangu, amenishika.”

Nikaacha kufagia. “Mama, ungekufa.”

“Simukatazi kunishika. Minasema amenishika. Kule kwetu faini yake ni mbuzi.”

“Mbuzi! Tunakaa flat!”

“Ndiyo maana miye nasema kuku. Jogoo. Muzima. Siyo wa friza.”

Basi badala ya kwenda nyumbani kulala, tulikwenda soko la Warwick Junction kutafuta jogoo, mimi mbele, yeye nyuma, na anti wa Overport katikati kwa sababu alikuwa anapita njia hiyo kupanda taxi. Mama mkwe alikataa jogoo wa kwanza kwa sababu ya macho, wa pili kwa sababu ya miguu. “Anti, umwambie huyu ana homa.” Anti akamwambia muuzaji, “She says no.” Walikuwa wameshazoeana kiasi hicho. Jogoo alichinjwa pale pale, maana mlinzi wa jengo letu hataki manyoya kwenye ngazi, na mimi nilimbeba kwenye mfuko wa plastiki unaovuja nikisukumwa na wapagazi kila upande.

Nyumbani mke wangu alifungua mlango, akamtazama mama yake aliyevaa koti la kazi bila kitenge, akanitazama mimi na damu ya kuku kwenye kiatu. “Amepita?”

“Hakupita,” nikasema.

“Ninarudi Jumamosi,” akasema mama yake kwa wakati ule ule, akaingia jikoni kuuliza sufuria kubwa iko wapi.

Mke wangu hajanisamehe lile neno hayuko tayari. Ameniambia ningeweza kulisema kwa upole zaidi. Inawezekana.

Jioni mama mkwe alimwambia binti yake aniambie nikae mezani, kwamba kuku wa kumshika akishaliwa pamoja hakuna tena sababu ya mwanamume kula kwenye sinki. Nikakaa pembeni, kiti nusu. Tulikula jogoo wa supu, mgumu kama mpini wa patasi, na bugali, ugali wetu, na lenga-lenga, mchicha wa kwetu. Firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba, aliila yeye. Pilipili ilipondwa kwa ule muchi wa avoka, na katika kijiko changu mlikuwa na uzi wa bluu wa kitenge. Niliutoa kwa kidole, nikaufuta chini ya meza, nikaendelea kula.